Bustani Iliyofichwa na Nyumba

Miji ina bustani za namna mbili. Bustani za namna ya kwanza hujitangaza zenyewe. Zina malango makubwa, njia pana, sanamu za watu mashuhuri, na jina lililoandikwa katika ramani. Mgeni afikapo mjini huoneshwa bustani hizo kama aoneshwavyo majumba ya serikali. Bustani za namna ya pili hazijitangazi. Zimo ndani ya mitaa ya makazi, zimezungukwa na migongo ya nyumba pande zote, na njia ya kuziingia ni kichochoro baina ya kuta mbili. Mtu aweza kupita barabarani miaka kumi asijue kwamba nyuma ya safu ile ya nyumba pana majani, mwembe mmoja au miwili, benchi la mbao, na watoto wanaocheza mpira wa matambara.

Msomaji kijana, nataka tuzungumze juu ya bustani hizi za namna ya pili. Sababu yangu si uzuri wake, maana uzuri wake ni wa kadiri tu. Sababu ni kwamba kipande hiki kidogo cha ardhi chatuuliza swali kubwa: kitu kilicho mali ya watu wote ni mali ya nani? Wako wasemao kwamba kilicho cha wote si cha mtu, basi achukuaye hamdhulumu mtu. Wako wasemao kwamba kilicho cha wote ni cha kila mtu, basi achukuaye humdhulumu kila mtu. Maneno haya mawili yanakaribiana katika kusikika, lakini matendo yanayozaliwa nayo yametengana kama mchana na usiku. Nasi tukishindwa kujibu swali hili katika bustani yenye upana wa hatua arobaini, hatutaweza kulijibu katika msitu, katika ziwa, wala katika hazina ya nchi.

Kwanza yafaa tujue bustani hizi zilitoka wapi. Mjini London, katika mtaa wa Notting Hill, wajenzi wa karne ya 19 walipanga nyumba za wenye mali kwa namna ambayo migongo ya nyumba ilielekea bustani moja ya shirika. Mwenye nyumba alifungua mlango wake wa nyuma akaingia bustanini bila ya kukanyaga barabara. Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard alitoa kitabu chenye shauri la kujenga miji ya bustani, ili mfanyakazi wa kawaida naye apate mahali pamoja kazi ya mjini na hewa ya shamba. Mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ulianzishwa mwaka 1903. Fikira ile ikavuka bahari. Katika Queens, sehemu ya jiji la New York, mtaa wa Sunnyside Gardens ulijengwa kati ya mwaka 1924 na 1928 kwa mpango wa Clarence Stein na Henry Wright. Waliokusudiwa hawakuwa matajiri, bali watu wa kipato cha wastani. Mbele ya nyumba palikuwa na barabara. Nyuma, kila jamaa walikuwa na kipande chao. Na katikati ya vipande hivyo palikuwa na bustani ya majirani wote.

Fikira hii ilifika kwetu pia. Katika miaka ya 1940, mashariki ya Nairobi, mtaa wa Kaloleni ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Nyumba zake za mawe zilikuwa za chini, zikazungukwa na nafasi za majani, na ukumbi wa mikutano uliwekwa katikati. Mpango mkuu wa jiji uliotolewa mwaka 1948 ulishika fikira hiyo hiyo ya kugawa makazi katika mitaa midogo, kila mmoja na shule yake na uwanja wake. Yapasa tuseme kweli yote: serikali iliyopanga viwanja vile ndiyo iliyowatenga watu kwa rangi zao, ikawaagiza Waafrika upande mmoja wa mji na kuwahifadhia wengine upande mwingine. Uzuri wa kiwanja hauondoi ubaya wa sheria ile. Walakini watu waliokaa pale walikifanya kiwanja kuwa chao. Watoto wa makabila mengi walicheza pamoja juu ya majani yale, na katika ukumbi wa Kaloleni wazazi wao walifanya mikutano ya siasa katika miaka ya 1950, wakidai nchi yao.

Wala mtu asidhani kwamba desturi ya ardhi ya shirika ililetwa kwa meli. Katika pwani yetu Wamijikenda walijenga kaya zao ndani ya misitu, wakaweka miiko ya kutokata miti yake ovyo, na wazee wakawa walinzi wa miiko hiyo. Mwaka 2008 baadhi ya misitu ya kaya iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Katika kaya, nyumba zilizungukwa na miti; katika bustani tunayoizungumza, miti imezungukwa na nyumba. Umbo limegeuka ndani nje, lakini kanuni ni moja: kiko kitu kilicho katikati yetu ambacho kila mtu hukitumia na hapana mtu awezaye kukibeba kwenda nacho kwake.

Sasa tutazame faida. Mtoto wa miaka minne hawezi kupelekwa bustani kubwa ya jiji kila siku. Njia ni ndefu, magari ni mengi, na mama yake ana kazi. Lakini aweza kutoka mlango wa nyuma, akacheza mahali ambapo mama amwona kutoka dirisha la jikoni, na jirani amwona kutoka dirisha la pili, na bibi mmoja mzee amwona kutoka benchi. Mzee asiyeweza kutembea mbali hupata kivuli na mtu wa kuzungumza naye. Mgeni aliyehamia jana hupata mahali pa kusalimu watu bila ya kubisha hodi. Twasema kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Lakini jirani hawi jirani kwa ukuta wake kugusana na ukuta wako. Ujirani wataka mahali pa kukutania.

Hata hivyo sifa hizi zina upande wa pili. Mahali palipofichwa na macho ya barabara pamefichwa pia na macho ya wapita njia wema. Mwandishi wa Marekani Jane Jacobs, katika kitabu alichokitoa mwaka 1961, aliwalaumu wapangaji wa miji waliodhani kwamba majani yenyewe huleta usalama. Alionesha kwamba watu ndio waletao usalama, kwa kuwapo na kutazama, na kwamba bustani isiyo na watu yaweza kuwa mbaya kuliko barabara. Neno lake ni kweli, na kila mtu aliyekaa mjini amepata kuona kiwanja kilichoachwa kikawa jaa la takataka mchana na maficho ya wahuni usiku. Basi tusiseme kwamba bustani ya ndani ni njema kwa asili yake. Ni njema kadiri watu wake walivyo hai ndani yake.

Kutokana na hofu hiyo huzaliwa swali la kwanza la haki, nalo ni swali la lango. Je, majirani waizungukao bustani wana haki ya kuifunga?

Mjini New York iko bustani iitwayo Gramercy Park, iliyoanzishwa mwaka 1831 na Samuel Ruggles. Ina uzio wa chuma na malango yenye kufuli, na funguo zake ni za wakazi wa nyumba ziizungukazo. Wengine wote huitazama kwa nje. Mjini London hali ilikuwa hiyo hiyo katika bustani nyingi za mitaa, mpaka Vita Vikuu vya Pili vilipotokea. Chuma kilihitajiwa kwa vita, na nyuzio nyingi zikang'olewa. Ghafula watu ambao hawakupata kukanyaga majani yale wakaingia, wakaketi, na watoto wao wakacheza. Vita vilipokaribia kwisha nyuzio zilianza kurudishwa. Mwandishi George Orwell alilalamika juu ya jambo hilo katika gazeti la Tribune mwaka 1944. Kwa wenye funguo, kurudisha uzio kulikuwa kurudisha mali kwa wenyewe. Kwake yeye, kulikuwa kuwanyang'anya watu wengi ili kuwapa wachache.

Nani mwenye haki? Tuwasikilize wenye funguo kwanza, maana hukumu isiyosikiliza upande mmoja si hukumu. Wao husema: sisi ndio tumlipao mtunza bustani, sisi ndio tumwagao maji wakati wa kiangazi, bustani ni ndogo, na jiji zima likiingia, majani yatakufa katika mwezi mmoja, tusipate sisi wala wao. Maneno haya si ya kudharauliwa. Kitu kidogo hakiwezi kutumiwa kama kitu kikubwa, na apandaye ana neno juu ya mavuno.

Lakini yapo mambo mawili ambayo hatuna budi kuyatenganisha: kulinda na kumiliki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hugawa ardhi katika mafungu matatu: ardhi ya umma, ardhi ya jamii, na ardhi ya mtu binafsi. Ikiwa majirani walinunua kiwanja kwa fedha zao na kukiandikisha kwa jina lao, sheria yawaruhusu kukifunga. Swali linalobaki ni la ukarimu, si la haki. Lakini ikiwa kiwanja kiliachwa katika ramani ya mtaa kwa matumizi ya umma, basi jirani aliyekizunguka ni bawabu wake tu. Bawabu aweza kufunga lango usiku kwa ajili ya usalama. Aweza kuweka kanuni za usafi na utulivu. Lakini bawabu akianza kumzuia mtu kwa sababu ya nguo zake, au kabila lake, au kwa kuwa ametoka mtaa wa maskini, ameacha kulinda, ameanza kumiliki asichopewa. Kipimo ni rahisi. Mtu wa nje akiingia kwa adabu, akaketi chini ya mti, akapumzika, akaondoka, amemnyang'anya nani nini? Ukikosa jibu, lango lako halilindi bustani. Lalinda kiburi chako.

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa hatari yake hutoka ndani wala si nje. Ni swali la uzio unaosogea.

Chukua mfano. Tuseme iko bustani ya mraba, hatua arobaini kwa arobaini, imezungukwa na nyumba ishirini, tano kila upande. Eneo lake ni hatua za mraba 1,600. Mwenye nyumba mmoja asogeza uzio wake mbele hatua tano, apate mahali pa kuanikia nguo. Ni nani atakayegombana kwa hatua tano? Jirani yake aona, naye asogeza wake. Mwaka ukiisha wote wamesogeza. Bustani sasa ni hatua thelathini kwa thelathini, yaani 900. Zimepotea hatua 700, karibu nusu ya bustani, na kila nyumba, ukipiga hesabu kwa wastani, imepata 35 tu. Wakisogeza tena hatua tano, zitabaki 400, robo ya bustani ya mwanzo. Mpira hauchezeki tena. Miti iliyokuwa katikati imekuwa mpakani. Hapana mtu aliyeiba bustani, wala bustani haipo. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba hukimaliza pia.

Jambo kama hilo lilitokea kweli katika mtaa wa Sunnyside Gardens nilioutaja. Bustani za katikati zilifanywa kwa vipande vya ardhi vya wenye nyumba wenyewe, chini ya mkataba wa miaka arobaini kwamba vipande hivyo vitatumiwa kwa shirika. Katika miaka ya 1960 mikataba ikaisha. Baadhi ya wenye nyumba wakaweka nyuzio, kila mtu kuzunguka kipande chake, na katika baadhi ya bustani uwanja uliokuwa mmoja ukawa visanduku. Majirani wengine wakalalamika. Mwaka 1974 jiji liliweka kanuni maalumu za kuuhifadhi mpango wa mtaa ule, na mwaka 2007 mtaa ukatangazwa kuwa eneo la kihistoria lenye kulindwa.

Msomaji, mfikirie mtu yule aliyeweka uzio. Hakuvunja sheria, mkataba ulikuwa umekwisha. Hakuingia katika ardhi ya mwenziwe. Alizungushia ardhi yake. Je, alitenda vibaya?

Mtetezi wake atasema: ahadi iliyowekwa na watu wa zamani haimfungi mtu ambaye hakuiweka. Waliotia sahihi mwaka 1926 wengi wamehama au wamekufa. Kwa nini wafu wamtawale mwenye nyumba aliye hai? Hoja hii ina nguvu, nami sitaki uipite upesi. Hata sisi katika Afrika twajua kwamba si kila neno la wahenga ni sheria ya milele.

Lakini fikiri juu ya hema. Watu ishirini wameleta kila mmoja kipande chake cha kitambaa, wakavishona pamoja, wakapata hema la kuwakinga wote. Usiku mmoja mtu mmoja akata kipande chake akenda nacho. Ukimwuliza, asema, nimechukua kilicho changu. Asema kweli: kitambaa ni chake. Lakini asubuhi watu kumi na tisa wamelowa mvua, na yeye mwenyewe, mwenye kipande kisichotosha kumfunika kichwa na miguu, amelowa vile vile. Alichokiharibu si kitambaa cha mtu. Alichokiharibu ni hema, na hema halikuwa la mtu mmoja wala halikuwa jumla ya vipande tu. Viko vitu vya namna hii duniani, ambavyo huwapo vikiwa vizima na hutoweka vikigawanywa: hema, mtumbwi, wimbo wa kuitikizana, na bustani ya uani. Haki ya mtu juu ya sehemu haimpi haki ya kuvunja kitu kizima bila ya shauri la wenziwe.

Wala hoja ya ahadi ya wafu haitoshi kumwokoa. Mtu yule alinunua nyumba yenye bustani nyuma yake. Alilipa bei ya nyumba yenye bustani. Miaka yote aliyokaa pale, watoto wake walicheza katika vipande vya majirani, kwa sababu majirani walijizuia kuviziba. Mtu aliyekula matunda ya kujizuia kwa wenziwe ana deni la kujizuia. Akiona deni hilo limekuwa zito, aite majirani, aseme haja yake, wapatane. Hilo ndilo neno la chini kabisa lipasalo ujirani: kusema kabla ya kutenda. Sheria hutuambia tusivuke mpaka gani. Dhamiri hutuuliza swali jingine: kama kila mtu akifanya nifanyalo, je, kitabaki kile kilichonifanya nitake kukaa hapa?

Wataalamu nao wamelishindania jambo hili. Mwaka 1968 Garrett Hardin alieleza kwamba malisho yaliyo wazi kwa wote huharibika, maana kila mchungaji huongeza ng'ombe wake mmoja mpaka nyasi ziishe. Wengi wakatoa hukumu kwamba mali ya shirika lazima ipewe mtu mmoja au serikali. Lakini Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo, alichunguza misitu, malisho, uvuvi na mifereji ya maji katika nchi nyingi. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alionesha kwamba watu wa kawaida wameweza mara nyingi kutunza mali ya shirika kwa vizazi, maadamu mipaka yajulikana, kanuni zimetungwa na watumiaji wenyewe, na mvunja kanuni huonywa upesi kwa adhabu inayoanza kwa udogo. Wazee wa kaya wasingeshangaa kusikia habari hiyo.

Nchini mwetu tumeona lijalo watu wakiacha kulinda. Tume iliyoundwa mwaka 2003 chini ya Paul Ndung'u kuchunguza ugawaji wa ardhi ya umma ilitoa taarifa yake mwaka 2004. Ilieleza jinsi viwanja vilivyowekwa kwa shule, masoko, michezo na matumizi mengine ya watu wote vilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Watoto wale na watetezi wao waliusukuma ukuta ule ukaanguka, na polisi wakawatupia moshi wa kutoa machozi. Nchi nzima ilifadhaika, na uwanja ukarudishwa kwa shule. Naitaja habari hii si kwa ajili ya kuwafundisha vijana kubomoa kuta. Naitaja kwa sababu watoto wale walijua jibu la swali letu. Hawakusema kwamba uwanja si wa mtu. Walisema ni wetu.

Imebaki hoja moja, nayo ndiyo nzito kupita zote. Mtu aweza kusema: mwalimu, wasifu majani, na huku maelfu ya watu Nairobi na Mombasa wanalala jamaa nzima katika chumba kimoja. Je, si anasa kuacha ardhi wazi ili watu waketi chini ya mwembe? Si afadhali kiwanja kile kijengwe nyumba?

Singependa kujibu hoja hii kwa wepesi, maana asiye na nyumba ana haki ya kukasirika akisikia habari za maua. Lakini yatupasa kuuliza ni nani ahitajiye bustani zaidi. Tajiri ana uwanja wake nyuma ya ukuta wake. Ana gari la kumpeleka baharini au porini. Maskini akaaye chumba kimoja hana sebule, hana uwanja, hana kivuli. Kiwanja cha shirika ndicho sebule yake. Ndipo afanyiapo arusi, ndipo mwanawe asomeapo jioni kabla ya giza, ndipo awapokeapo wageni wa msiba. Ukimnyang'anya kiwanja kile kwa jina la kumjengea nyumba, umechukua chumba chake cha pili. Tena tazama yaliyotokea: viwanja vya umma vilivyonyakuliwa havikwenda kwa wasio na makao. Vilikwenda kwa waliokuwa na makao mengi. Mahitaji ya maskini hutajwa mlangoni, na faida hutokea dirishani. Ikiwa siku moja watu wa mtaa wenyewe, katika mkutano wa wazi, wataona kwamba nyumba zahitajiwa kuliko kiwanja, hilo ni shauri lao halali. Lakini liwe shauri lao, si habari wanayoipata kwa kuamshwa na mlio wa matingatinga.

Basi twarudi kwenye swali letu. Kitu kilicho cha wote ni cha nani? Ni cha kila mtu kwa kutumia, na si cha mtu yeyote kwa kumaliza. Kila mtu ana funguo ya kuingia, na hapana mtu mwenye funguo ya kuwafungia wenziwe nje. Na kwa kuwa ni cha kila mtu, kazi yake pia ni ya kila mtu. Mwenye kudai kivuli bila ya kumwagia mti maji ni mnyakuzi mdogo. Tofauti yake na mnyakuzi mkubwa ni kipimo tu.

Wewe unayesoma maneno haya bado huna nyumba wala shamba, na yamkini wadhani kwamba mambo ya ardhi ni ya wazee. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe wajua kusoma daftari. Kila mtaa uliopangwa una ramani yake, na ramani huonesha viwanja vilivyoachwa kwa ajili ya watu wote. Ijue ramani ya mtaa wako. Ujue kiwanja kinaanzia wapi na kinaishia wapi, maana mpaka usiojulikana ndio usogezwao. Okota takataka ambayo hukuitupa. Panda mti ambao kivuli chake kitakuwa cha mtoto usiyemjua. Mgeni akiingia kwa kichochoro, akasita, msogezee nafasi katika benchi. Na siku utakapokuwa na nyumba yako mwenyewe, na uzio wako mwenyewe, na mkono wako ukawasha kuusogeza hatua tano, hesabu kwanza nyumba zilizobaki.